Anwani Nne za Witnesi na Fomu za Macho

Mmenipa blanketi, mmenipa kitenge, mmenipa keki yenye jina langu, ambalo sikuweza kulisoma, halafu mkaimba kama kwaya iliyokimbiwa na mwalimu. Asanteni. Sasa mnasema Bibi anastaafu, atuachie maneno ya kazi. Haya. Mimi nasema, Rehema wa mapokezi anaandika, na nimemwambia asininyooshee lugha. Akininyooshea nitajua. Nitamwambia anisomee, na maneno yangu nayajua hata yakivaa tai.

Ya kupanda cheo hamtayakuta humu. Nilianza chini nikabaki chini, na huko chini ndiko mambo yote ya ofisi yanakodondokea.

Kazi ya kwanza kabisa niliajiriwa kufagia, kwenye ofisi moja hapa hapa Babati, enzi zile barua ilikuwa karatasi na ilibebwa na mtu mwenye miguu. Shule sikwenda. Wenzangu wakiimba a-e-i-o-u mimi nilikuwa Sigino nafukuza mbuzi kwenye maharage ya watu. Siku ya tatu nafagia korido, tarishi mmoja akaacha kazi kwa hasira. Afisa akachungulia mlangoni. Afisa yule alikuwa anaongea kama mtu aliyemeza mluzi: "Wewe mama! Miguu yako inafanya kazi?" Nikasema inafanya. "Basi weka ufagio." Huo ndio ulikuwa usaili wangu. Ninyi siku hizi mnaulizwa mnajiona wapi baada ya miaka mitano.

Tarishi mkubwa alikuwa Mzee Bura. Wakati huo hakuwa mzee, ila tabia zote za uzee alikuwa ameshazianza: anakohoa kabla ya kusema, anakunja shati mikono mara mbili, hakimbii hata mvua ikimfuata. Akanipa furushi la bahasha. Nikalishika, nikaliangalia, nikaona bora nife mapema. Nikamwambia, "Kaka Bura, mimi kusoma sijui."

Nilidhani ananirudisha kwa Afisa. Akakohoa. Sauti yake ni ya chini, kama anaongea na ng'ombe anayekamuliwa. "Mama Elibariki, kwani nani amekutuma uzisome? Wewe kazi yako ni kuzifikisha."

Tukatengeneza namna yetu. Kila asubuhi anazipanga kwa mfuatano wa milango, ananisomea majina mara moja, na mimi kila bahasha naipa sauti ya mwenyewe. Ya juu ni Bwana Ardhi, huyo anaongea kama anasaga karanga. Inayofuata ni Bwana Shamba, huyo kila neno anaanza na "kimsingi". Natembea barabarani najisemea kwa sauti za watu, kimsingi, kimsingi, na watu wa sokoni wakasema mke wa fulani amerukwa na akili. Lakini bahasha zilifika. Nilikosea mara moja tu, na sababu ni kwamba Bwana Misitu na Bwana Nyuki walikuwa na mafua wiki moja, sauti zikafanana.

Kitu kimoja Mzee Bura hakukitania. Siku moja kwenye furushi ilikuwamo barua ya kwenda kwa kaka yake mwenyewe, mambo ya shamba, ameisubiri muda mrefu mpaka amekonda. Nikasema, "Si nianze na hii, ni mlango wa karibu tu?" Nikaichomoa. Akaichukua, akairudisha pale pale ilipokuwa, katikati. "Alikuwa wa kumi na moja, na atabaki wa kumi na moja. Huyo wa kumi naye ana kaka." Akakohoa, mambo yakaisha. Mimi nikaona ni roho mbaya. Nilikuwa kijana.

Na mtihani wetu mkubwa alikuwa Mama wa Masjala. Masjala ni kile chumba cha ofisi kubwa kinachopokea barua zote na kutunza mafaili, na yeye ndiye aliyekaa dirishani, miwani imeshukia ncha ya pua, muhuri mkononi kama rungu. Akiona uso mgeni, hata hajauliza umeleta nini: "Nani wewe? Sikujui. Njoo baadaye." Anafunga dirisha. Nilirudi nyumbani nimemlaani. Nikaenda tena mchana, akanitazama juu ya miwani, akapokea, akagonga muhuri, pwa! Kuanzia siku ile nilikuwa mtu wake, ananiuliza homa ya mtoto imeshuka? Nilimwambia Mzee Bura, "Yule mama ni kichaa." Akasema, "Si kichaa. Wasumbufu huwa hawarudi. Mwenye shida ya kweli anarudi. Anawachuja tu."

Basi, miaka ikaenda. Bahasha zikapungua, simu zikaja, kompyuta zikaja, matarishi tukawa kama vyungu vilivyobaki baada ya sherehe. Mzee Bura akastaafu, akapanda kwao huko juu kupita Dareda, kulima mahindi na maharage. Mimi nikaja kwenu, hapa juu ya duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, kufagia na kupika chai. Siku ya kwanza umeme ulikatika na ile mashine yenu ya kushika umeme ikaanza kulia tii, tii, tii. Nilizunguka ofisi nzima natafuta kifaranga. Mlinicheka siku nne. Sijasahau.

Kazi zenu nilizielewa polepole, kwa kusikiliza. Mnatengeneza tovuti, na mnawatumia watu imeili kwa niaba ya shule, vikundi, hospitali. Nikasema moyoni, kumbe nimerudi kule kule kwa matarishi, ila hawa wanabeba bahasha wamekaa.

Sasa niseme habari ya fomu za macho, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuongea.

Kuna hospitali moja, kila mwaka inaleta madaktari wa macho kwa wiki moja. Wanaondoa mtoto wa jicho kwa wazee, ule ukungu mweupe. Zahanati za vijijini zinapeleka majina, hospitali inapanga siku ya kila mtu, na ofisi yetu inatuma fomu kwa imeili kwa kila zahanati. Zahanati inachapisha, inagonga muhuri, inajibu kwamba mgonjwa wetu anakuja. Mzee anashuka na fomu yake. Bila fomu, mlinzi wa getini hakujui.

Mwaka wa kwanza mlizituma zote kwa mkupuo, kwa seva moja, ile kompyuta inayotuma barua, yenye anwani moja. Mitambo inayopokea huko ikaona mtu asiyejulikana amemwaga barua lukuki kwa dakika moja, ikasema huyu ni wa wale wa "umeshinda zawadi", ikazizuia. Fomu zikafika madaktari wameshaondoka. Na mmoja aliyekaa na begi lake tayari mlangoni alikuwa Mzee Bura. Mke wake, Mama Danieli, alinipigia simu: "Kitanda chake amelazwa mwingine. Na sasa choo anaenda akishika ukuta." Mtu aliyenisomea majina yote yale, hajui kama taa inawaka au imezimwa.

Mwaka huu hospitali ikasema wazi: mkishindwa tena, tutaita wa mjini tu, hao tunaweza kuwapigia kelele barabarani. Majibu ya zahanati yawe yameingia Ijumaa saa sita mchana. Kitanda kisichojibiwa kinapewa mwingine.

Kazi akapewa Witnesi. Mnamjua, yule wa kucha ndefu, anayegonga kompyuta kama kuku anadonoa mtama. Jumatatu akaja jikoni anaruka. "Shikamoo Bibi! Mwaka huu poa kabisa."

"Marahaba. Poa ya vipi?"

"Tumechukua anwani nne za seva. Nimeandika skripti." Skripti ni maagizo, kompyuta inayafuata mstari kwa mstari na haiulizi swali, siyo kama mimi. "Barua ya kwanza inatokea anwani namba moja, ya pili namba mbili, tatu, nne, halafu inarudi moja. Kwa zamu. Hakuna anwani itakayoonekana inamwaga barua."

"Na ikikataliwa?"

"Anwani inayofuata kwenye zamu inajaribu. Zikizunguka zote nne bila bila, inaandika imeshindikana, inaenda kwa mwingine."

Nikaona ni haki tupu. Witnesi amekulia Nangara, kwenye bomba la mtaa, na sisi tunaokaa Nangara ukitaka tugombane na wewe gusa zamu. Ndoo yako ikishakosa maji, unakaa pembeni, mwenzako anaweka yake. Huwezi kung'ang'ania bomba. Hata mimi ningeipanga hivyo hivyo.

Akajaribu kwa kututumia sisi wenyewe ofisini, zote zikaingia. Akapiga makofi. Jumanne akatuma za kweli. Jumatano asubuhi nafuta meza yake, namwona amekaa kama mtu wa msibani. Kwenye kioo mistari imejaa juu mpaka chini, yote neno lile lile. Nikamuuliza linasema nini. "Imeshindikana, Bibi. Imeshindikana, imeshindikana, imeshindikana."

Bosi akatoka chumbani kwake. Bosi nampenda, lakini akiogopa anaongea kizungu cha mpira: "Timu! Timu! Tunafanyaje, timu?" Halafu bila kusubiri jibu: "Ongeza anwani! Nne ni chache. Weka kumi!" Witnesi akaanza kutafuta nyingine sita.

Mimi nikafanya jambo baya, na Rehema aliandike hivi hivi bila kulipunguza, kwa sababu tulilifanya wawili. Nilimwambia Rehema, "Mwanangu, hebu nichapishie ya Mzee Bura peke yake." Akaangalia huku na huku, akaichapisha. Nikaikunja, nikaiweka kwenye kikapu chini ya ndizi. Kesho nitapanda gari la Dareda, nitaipeleka zahanati yake mwenyewe kwa mkono, muhuri utagongwa, kwisha. Jioni nikampigia simu kumpa habari njema.

Akakohoa. "Wengine wamepata?"

"Bado, lakini wewe..."

"Mimi nipo wa ngapi kwenye orodha?"

"Kaka Bura, huu si wakati wa orodha!"

"Nipo wa ngapi?"

"Katikati huko."

"Basi niache katikati huko. Zahanati yetu tu ina majina sita. Ukifika na fomu moja, hao watano nitawaambiaje? Kwamba nina dada ofisini?"

Nikamwambia atakufa kipofu kwa ukaidi. Akasema, "Usiku mwema, Mama Elibariki," kwa sauti ile ile ya ng'ombe. Nilikata simu nikamtukana mpaka kuku wakanishangaa. Halafu nikakaa. Hao watano sikuwa nimewaza hata mmoja. Kikapu sikukigusa. Lakini fomu sikuitoa pia, nisijifanye malaika.

Alhamisi saa nne, chai. Witnesi hanywi. Macho mekundu, kucha moja ameshaila. Nikawaza, huyu mtoto ataugua. Nikamwambia, "Hebu niambie hao wanaokukataa wanasemaje hasa. Usiniambie imeshindikana, hilo ni neno lako. Wao wanasemaje?"

Akasoma kwa uchovu: "Kila mmoja anasema, sikufahamu, jaribu tena baadaye."

"Ala! Huyo namjua! Huyo ni Mama wa Masjala!"

Nikachukua miwani ya Rehema, nikaiweka ncha ya pua, nikakaa nyuma ya meza ya chai na kijiko kama muhuri. Nikawachezea mwaka ule niliolazwa na malaria, na barua moja ya haraka ikabaki bila tarishi, kwa sababu Mzee Bura alikuwa safarini. Ofisi ikamtuma dereva. Nikafanya dereva, anachezesha funguo: "Habari ya kazi mama, nimeleta barua." Nikafanya mama: "Nani wewe? Sikujui. Njoo baadaye." Baadaye dereva ana safari, akaenda mfagiaji, anatembea upande upande: "Samahani mama, ile barua..." "Nani wewe? Sikujui. Njoo baadaye." Akaenda mlinzi, anapiga saluti: "Nani wewe?" Mwisho Afisa mwenyewe akapandwa na hasira akaenda, na ule mluzi wake kooni: "Mimi ni Afisa!" Nikashusha miwani. "Hongera. Sikujui. Njoo baadaye."

Bosi alicheka mpaka akamwaga chai kwenye suruali. Rehema anafuta machozi. Witnesi hacheki.

"Bibi. Rudia."

"Nirudie wapi? Kwa Afisa?"

"Kwa dereva. Aliambiwa njoo baadaye. Baadaye akaenda nani?"

"Mfagiaji, si nimekwambia?"

"Kwa hiyo kila aliyerudi alikuwa mgeni?"

"Ndiyo. Nimetoka hospitali barua naikuta mezani, nimeipeleka mimi, akagonga muhuri, akaniuliza, malaria imepoa?"

Witnesi akaondoka na kikombe changu mkononi, anakimbia. Nikamwambia Bosi, "Nimemkosea nini?" Bosi naye hajui.

Mimi sikuwa nimegundua kitu. Wanaosema Bibi alitengeneza skripti wakome. Nilikuwa namchekesha mtoto aliyenuna, basi. Yeye ndiye aliyeona kwamba ile haki yake ya zamu ndiyo ilikuwa inatuua. Mtambo wa kule unamwambia mgeni arudi baadaye ili umchuje. Anwani namba moja inaambiwa rudi. Badala ya kurudi, anatumwa namba mbili, naye mgeni. Namba tatu, mgeni. Namba nne, mgeni. Halafu tunaandika imeshindikana, wakati hakuna aliyekataa! Tuliambiwa tusubiri, hatukusubiri. Na kama angeweka kumi za Bosi, tungekuwa na wageni kumi.

Akabadilisha. Kila zahanati akaipa anwani moja yake, zahanati hii ni ya namba moja siku zote, ile ni ya namba tatu siku zote. Na anwani ikiambiwa baadaye, inakaa, inasubiri, inarudi yenyewe na uso ule ule. Akaziwasha mchana.

Mara ya kwanza zote zikaambiwa baadaye. Bosi akaanza, "Timu, timu..." Nikamwambia, "Kaa chini, Baba Joshua, uambiwe baadaye kama watu wazima." Tulikaa muda wa kuchemsha chai nyingine na kuinywa. Nje bajaji zinapiga kelele stendi, ndani wote tumekodolea kioo macho. Halafu Witnesi akanong'ona, kama anaogopa kuliamsha: "Imepokelewa."

Galapo. Magugu. Za bondeni, za juu. Rehema anasoma majina na mimi kila zahanati naitolea sauti, na tulipiga vigelegele mpaka mwenye duka la chini akapanda kuuliza nani kaolewa. Ya kwa Mzee Bura ilipita katikati huko, mahali pake. Ijumaa saa tatu zahanati yake ikajibu. Sista wa kule nampenda, anaongea kama anapuliza uji wa moto. Alipiga simu mwenyewe: "Fuu, Mama, zote sita zimefika, fuu, nimezigonga muhuri." Ile ya kwenye kikapu niliwashia jiko.

Kwa hiyo ninyi mnaobaki, nawaomba. Anwani nyingi si za kujifichia. Mkizitumia ili watu wasijue barua zinatoka wapi, mtafanana na wale wa "umeshinda zawadi", na mtastahili. Siku hizi Witnesi anaanza na chache, anaongeza taratibu mpaka wamzoee. Anayesema hataki barua zetu anamtoa siku hiyo hiyo. Zahanati iliyobadilisha anwani, haendelei kuipigia hodi kwenye nyumba tupu mwaka mzima. Na kabla ya kuongeza kitu chochote, someni jibu mlilopewa. Lote. Witnesi alilisoma neno lake mwenyewe siku mbili. Sasa anacheka, lakini ile kucha bado haijaota sawasawa.

Wiki iliyofuata nikaomba ruhusa nikaenda hospitali. Uwanja umejaa wazee wa kila upande, kila mmoja na karatasi yake mkononi kama mtoto wa kipaimara. Mzee Bura alikuwa amefanyiwa jana yake, amekaa kwenye benchi, bandeji bado, Mama Danieli pembeni anamshikia kofia. Nesi akaja, akaitoa taratibu. Akapepesa. Akapepesa tena.

Akageuza kichwa, akaanza kuwaangalia watu uwanjani, mmoja mmoja, anachelewa kwa kila mtu. "Yule kitenge chake ni cha njano," akasema. "Yule mwingine amevaa kandambili za rangi mbili." Hakuna aliyemuuliza. Halafu akafika kwangu.

Akakohoa. "Mama Elibariki. Umezeeka sana."

"Na wewe unadhani ulibaki kijana? Nesi, tuletee kioo!"

Kioo kikaja, kidogo, cha mkononi. Akakishika kwa mikono miwili. Akajitazama muda mrefu, shavu hili, akageuka, shavu lile, kidevu, akarudi shavu la kwanza, mpaka nikaanza kujuta kwamba nimekiita. Mama Danieli akaanza kulia.

"Huyu mzee," akasema Mzee Bura, "amenyolewa vibaya sana. Ndevu upande huu zipo, upande huu hazipo. Nani amekuwa akininyoa?"

Mama Danieli akajipangusa macho na pembe ya kanga. "Ni wewe mwenyewe, Baba Danieli. Ulikuwa hutaki kusaidiwa."

Akanirudishia kioo. "Nitafutieni wembe," akasema. "Na mtu aninyoe upya, mimi nitakuwa naangalia."